Dar, Bagamoyo au Mji Mkongwe: ushuti wapi filamu fupi ya chuo kwa hela ya kuungaunga

Mwanafunzi wa filamu aliyeko Dar es Salaam, mwenye skripti ya dakika kumi na bajeti ya mchango, huwa na sehemu tatu kichwani. Ya kwanza ni nyumba ya uswahilini, kwa shangazi Manzese au kwa mama wa rafiki Temeke. Ya pili ni Bagamoyo, kilomita kama 70 kaskazini mwa jiji, kwenye magofu, mashua na milango ya nakshi. Ya tatu ni Mji Mkongwe wa Unguja, ambao karibu kila aliyewahi kushika kamera pwani hii anautamani.

Mabishano ya kuchagua kati ya hizo tatu huendeshwa kwa picha. Mtu anafungua simu, anaonyesha uchochoro wa Unguja wenye mwanga wa kupendeza, kikundi kizima kinasema "hapo hapo", na kikao kinaishia hapo. Ushauri wangu ni kwamba lokesheni ichaguliwe kwanza kwa masikio, kisha kwa ugumu wa kuirudia, na uzuri wa picha uje nafasi ya tatu. Mtazamaji huvumilia picha ya simu yenye chenga; akikosa kusikia mhusika anasema nini, anaacha kutazama.

Kwa mwenye haraka: filamu yako ikiwa na mazungumzo mengi, baki Dar. Wahusika wako wakiwa watu wa kutembea, kufanya kazi na kunyamaza, nenda Bagamoyo. Unguja nenda kama hadithi yenyewe ni ya Unguja na una mwenyeji huko. Sababu zinafuata, na kuna mahali zinapingana.

Sauti

Nyumba ya uswahilini ina kelele kuliko sehemu zote tatu, lakini kelele zake nyingi zina mwenyewe, na mwenyewe ana mlango wa kubisha hodi. Spika ya singeli ya nyumba ya tatu ina kijana anayeiwasha. Ukimfuata jioni ya kuamkia siku ya kazi, ukamsalimia vizuri na kumweleza mnahitaji saa mbili za asubuhi tu, mara nyingi atakupa. Ukimfuata katikati ya shoti, jasho linakutoka na waigizaji wanasubiri, ataongeza sauti. Mashine ya kusaga, fundi wa kuchomelea na duka la nyimbo navyo ni vivyo hivyo. Chagua Jumanne hadi Alhamisi, asubuhi, mihula ya shule ikiendelea: watoto wako darasani, na vigodoro na harusi za mwisho wa wiki hazijaanza.

Kelele zisizo na mlango ndizo za kuogopa. Vingunguti, Kiwalani na Kipawa ziko jirani na uwanja wa ndege wa Julius Nyerere, na rubani hana jirani wa kumwomba. Nyumba iliyo karibu na reli au barabara ya malori ina shida hiyohiyo. Kabla ya kumpa mwenye nyumba jibu, kaa ndani ya chumba mtakachotumia, saa ileile mtakayoshuti, fumba macho dakika ishirini na uandike kila unachosikia. Hakuna kikao kitakachokupa habari hizo.

Bati nalo lina mambo yake. Mvua ikinyesha, kazi imekwisha mpaka itakapokatika. Hilo kila mtu analijua. Wasilolijua wengi ni kwamba jua la saa nne likianza kulipasha, bati linatanuka na kulia tak, tak, na maiki inalisikia kuliko masikio yenu. Ndiyo maana mazungumzo ya ndani yanafaa yaanze saa moja asubuhi. Zima friji na feni. Watu wa filamu wana ujanja wa zamani wa kuweka ufunguo wa gari ndani ya friji iliyozimwa ili pasiwepo wa kuondoka bila kuiwasha tena. Nyinyi msio na gari wekeni simu ya mtayarishaji. Chumba cha futi kumi kwa kumi chenye kuta tupu kinarudisha mwangwi kama bafu, kwa hiyo godoro lisimamishwe ukutani upande ambao kamera haiuoni, na blanketi nzito zitundikwe nyuma ya maiki.

Bagamoyo ni mji uliotulia, na anayetoka Dar anaposhuka kwenye basi hudhani matatizo ya sauti yamekwisha. Kisha anafika ufukweni. Upepo wa kusi, hasa Juni hadi Septemba, unaingia moja kwa moja kwenye maiki, na sponji ndogo nyeusi iliyokuja na maiki haiufanyi lolote. Unahitaji kifuniko cha manyoya, na hata hicho kina kikomo chake. Asubuhi na mapema kwa kawaida huwa na nafuu. Mchana, sogeza mazungumzo nyuma ya ukuta wa gofu au kwenye mitaa ya ndani na uwaachie ufukwe wanaotembea bila kusema. Hapo ndipo Bagamoyo inapompa nafasi mwandishi wa skripti aliyeweza kufuta maneno. Baba na mwana wanavuta nyavu bila kuongea, na sauti ya bahari ikarekodiwa peke yake baadaye: hiyo ni kazi inayowezekana kwa maiki ya bei rahisi.

Mji Mkongwe ndio mgumu kuliko wote. Vichochoro vyake ni vyembamba na kuta ni ndefu, hivyo kila sauti inapanda, inagonga na kurudi. Vespa iliyo mtaa wa pili inasikika kama iko nyuma ya kamera. Muongoza watalii anaeleza historia ya mlango kwa Kiitaliano, kikundi kingine kinafuata kwa Kijerumani. Misikiti ni mingi na waadhini hawaanzi sekunde moja, kwa hiyo adhana ya mji mzima inachukua muda mrefu kuliko ya msikiti mmoja wa mtaani Dar. Ukishuti mazungumzo hapo, kila shoti ina sauti tofauti nyuma yake, na siku ya kuhariri zinagongana kama viraka. Wenye uzoefu hushuti uchochoro alfajiri, au huwafanya wahusika waongee wakiwa na migongo kwa kamera na sauti ikarekodiwa upya chumbani.

Adhana ya magharibi inahusu sehemu zote tatu, na ratiba nyingi za wanafunzi huisahau. Mwanga ule wa dhahabu mnaousubiri kutwa unafika wakati uleule ambao mwadhini anashika maiki. Msipange mazungumzo muhimu dakika hizo. Panga nyuso, mikono, mtu anafunga mlango, mtu anatazama bahari. Na adhana ikirekodiwa kwa heshima bila kukatwakatwa, ni sauti ya mahali ambayo hakuna studio itakayowatengenezea.

Kunguru wako kila mahali na hawaombeki. Hao wenye shingo ya kijivu waliletwa Unguja kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 na pwani nzima imekuwa yao. Dawa ni moja: rekodi dakika mbili za mahali hapo pakiwa kimya, kunguru wakiwemo, uzilaze chini ya onyesho lote. Mtazamaji akimsikia kunguru mfululizo hamshangai. Anayemshangaza ni kunguru anayekatika kila shoti inapobadilika.

Jua na bahari

Skripti za wanafunzi zina jua linalozama baharini kuliko zinavyohitaji. Ukilitaka kweli, ramani imeshakuchagulia. Dar na Bagamoyo zinatazama mashariki: huko jua huchomoza kutoka baharini na kuzama nyuma ya nyumba na minazi. Mji Mkongwe uko upande wa magharibi wa kisiwa, na jua linazama kwenye maji mbele ya Forodhani na Shangani. Wapo wanaoshuti mapambazuko Bagamoyo na kuyaita machweo. Inakubalika, mradi nyuma kusiwe na wavuvi wanaoteremsha samaki wa usiku huku mhusika akisema "usiku mwema".

Tuko karibu na ikweta, na hilo linagusa mambo mawili. Jua huchomoza na kuzama karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima; tofauti kati ya siku ya mapema kabisa na ya kuchelewa kabisa haifiki saa moja, kwa hiyo ratiba ni rahisi kuipanga. Lakini linapanda haraka. Mwanga laini wa asubuhi ni wa nusu saa na ushei, kisha vivuli vinakuwa vikali. Kwa Dar na Unguja, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba jua la mchana hupita utosini kabisa: macho yanageuka mashimo meusi na pua inatupa kivuli mdomoni. Kati ya saa tano na saa tisa mchana, ingieni ndani, kuleni, au shutini chini ya mwembe.

Hapo ndipo Mji Mkongwe unapojilipia. Kwa kuwa kuta ni ndefu, jua linaingia uchochoroni muda mfupi tu. Saa zilizobaki ni kivuli laini, chenye mwanga unaoruka kutoka ukuta mmoja wa chokaa hadi mwingine. Unaweza kushuti saa saba mchana na uso ukatoka vizuri bila kioo wala shuka la kurudisha mwanga. Bagamoyo haina zawadi hiyo, kwa sababu nyumba zake nyingi ni fupi na njia ni pana. Tahadhari ni moja: kuta nyeupe huidanganya kamera. Inaona mwanga mwingi, inajipunguza yenyewe, na uso mweusi wa mwigizaji unazama. Pima mwanga wa uso, ufunge kipimo hapo, hata kama ukuta utaungua kidogo, yaani utatoka mweupe mno.

Nyumba ya uswahilini inahitaji akili zaidi. Dirisha ni moja, lina wavu na pazia, na chumba kina kitanda, kabati na ndoo za maji. Msijaribu kukiwasha chumba chote. Nyumba yenyewe imejengwa kwa ajili ya kamera ya mtu maskini: korido ndefu katikati, vyumba huku na huku, baraza mbele na ua nyuma. Weka kamera koridoni, muigizaji akae mlangoni pa chumba, mwanga wa uani uje nyuma yake, na mwingine umfikie usoni kupitia mlango wa mbele. Mnapata kina ambacho ukumbi wa nyumba mpya yenye vigae hauna. Mwanga ukipungua, bao lililofunikwa foili ya jikoni linatosha. Taa za tyubu zikiwaka, shuti fremu 25 kwa sekunde na shata ya 1/50 ya sekunde, kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50. Kinyume chake picha itapepesa, na kupepesa huko hakuondoki kirahisi kwenye kuhariri.

Anayekwenda ufukweni, wa Bagamoyo hasa, ajifunze maji kama mvuvi. Kwenye bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, tofauti ya kupwa na kujaa pwani hii hufika mita tatu hadi nne, na kwa ufukwe wenye mteremko mdogo kama wa Bagamoyo bahari inakwenda mbali kabisa. Siku hizo maji hupwa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni. Kwa hiyo onyesho lililoanza asubuhi mashua ikiwa imelala mchangani, likakatishwa kwa chakula, linaendelea mchana mashua ikielea. Kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa dakika kama 50. Ukitaka amani chagua siku za maji mafu, kati ya bamvua na bamvua, ambapo bahari haihamihami sana. Muulize mvuvi yeyote. Atakujibu kabla hujamaliza swali.

Majira ni yaleyale kwa wote: masika ya Machi hadi Mei yakwepeni, vuli ya mwishoni mwa mwaka ina mvua za kushtukiza, na kuanzia Juni hewa ni nzuri lakini upepo upo.

Vibali, barua na wenyewe

Bara, filamu iko chini ya Bodi ya Filamu Tanzania, na sheria yenyewe ni Namba 4 ya mwaka 1976 pamoja na marekebisho yake. Zanzibar ina chombo chake, Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni. Kibali cha upande mmoja hakikuvushi kisiwa cha Chumbe kwenda upande wa pili. Hilo peke yake linatosha kuipeleka Unguja mwisho wa orodha kwa mwenye wiki mbili tu kabla ya tarehe ya kukabidhi kazi. Vyuo vingi vina utaratibu wa kuwaombea wanafunzi. Anza na idara yako, na uombe barua ya utambulisho yenye majina ya wote, tarehe, mitaa na orodha ya vifaa pamoja na namba zake. Orodha hiyo ya vifaa itakufaa zaidi bandarini, ambako begi lenye kamera tatu huulizwa maswali wakati wa kwenda na wakati wa kurudi.

Chini ya ngazi hiyo ndipo kazi hufa au kupona. Dar, barua inapita kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na kwa mjumbe. Unguja, mtu wako ni sheha. Msione kuwafikia ni kupoteza muda. Mtu akipita akauliza "nyie nani kawaruhusu?", jibu lenye jina la mjumbe wa hapo linamaliza maneno, karatasi ya chuo peke yake huanzisha mengine. Bagamoyo kuna nafuu ya aina yake, kwa sababu TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa, imewazoesha wakazi kuona vijana wenye ngoma, vinyago na kamera. Ila magofu ya Kaole, kilomita kama tano kusini mwa mji, yana wasimamizi na kiingilio, na kushuti filamu si sawa na kupiga picha za matembezi, ulizeni mapema. Yale pia ni makaburi. Muigizaji asikae juu yake wala kuyaegemea ili apendeze.

Soko la samaki la Bagamoyo linavutia kila mpigapicha na linawachosha wenye soko. Wengi hawataki sura zao zichukuliwe na mtu asiyewaambia anafanyia nini. Darajani na vichochoro vya Mji Mkongwe ni zaidi: mwanamke akijifunika mtandio akiiona kamera amekwisha kujibu, usimfuate kwa lenzi ndefu. Bandari, kambi, ikulu, vituo vya polisi na madaraja makubwa viacheni kwenye sehemu zote tatu. Droni ina vibali vyake, na filamu yenu ya dakika kumi haiihitaji.

Uswahilini, mwenye nyumba ni mtayarishaji mwenzenu hata kama hajui. Badala ya kumpa bahasha na kununua chakula mahali pengine, mpe kazi ya kupika. Hela yake inakuwa kubwa kuliko ya pango, nyinyi mnakula hapohapo bila kupoteza saa nzima kwa mama ntilie, na majirani wanaona nyumba imepata, hivyo wanakuwa upande wenu. Mnunulieni umeme wa LUKU siku ya kwanza kabla hajasema, kwa sababu kuchaji betri kutwa nzima kunamla kimyakimya. Watoto wa mtaa msiwafukuze. Chagueni mkubwa wao mwenye sauti, mumpe cheo cha kunyamazisha wenzake na soda ya jioni; hakuna msaidizi wa muongozaji atakayemzidi.

Hela

Sitaandika bei kwa kuwa nauli na vyumba hubadilika. Hesabu ya vichwa haibadiliki. Tuseme ni watu wanane, siku tatu za kushuti.

Dar, milo miwili kwa siku ni sahani 48, nauli za daladala, na bajaji moja ya vifaa asubuhi na jioni. Kila mtu analala kwao. Hiyo ndiyo bajeti nzima ukiacha umeme na shukrani za mwenye nyumba.

Bagamoyo mnaweza kwenda na kurudi kila siku, lakini foleni ya Tegeta na Bunju inaweza kuwalia saa mbili na zaidi, na mwanga wa alfajiri mtaukosa kila siku. Kulala ni lazima kama mnataka ufukwe. Gesti za kawaida zipo, vyumba vitatu vinatosha kikundi, na usiku mnahariri mlichoshuti. Faida iliyojificha ni waigizaji: wanafunzi wa sanaa wako hapohapo, wamefundishwa kutumia mwili na sauti, na wengi wanataka kazi ya kuonyesha. Hamuwalipii nauli wala malazi. Epukeni tu siku za tamasha lao la kila mwaka, maana vyumba hujaa na kila msanii ana ratiba.

Unguja, feri ya kasi ni saa mbili hivi, lakini kufika bandarini mapema, ukaguzi na kutafuta mnapolala vinakula siku. Siku tatu za kushuti zinakuwa tano za kulisha watu: sahani 80, tiketi 16 za feri, na usiku usiopungua minne kwenye mji unaoishi kwa watalii. Wasichana na wavulana watahitaji vyumba mbalimbali, tena kwa heshima ya mahali, hivyo kubanana kuna mpaka wake. Mwezi wa Ramadhani hakuna kula hadharani mchana, na kikundi chenye njaa kinashuti vibaya. Julai, Agosti na mwisho wa mwaka bei hupanda. Msimu wa ZIFF, tamasha la filamu lililoanza miaka ya 1990, ni wa kwenda kutazama filamu za wenzenu, wala si wa kutafuta chumba cha bei poa. Wakati wa kusi bahari huchafuka, na mpigapicha aliyetapika mpaka Unguja hashiki kamera mchana huo.

Hesabu hizo zinabadilika kabisa ukiwa na mjomba Michenzani au dada Mwanakwerekwe mwenye sebule. Mwenyeji anawapa malazi, anawapeleka kwa sheha, anawaambia uchochoro upi hauna vespa. Bila yeye, bajeti ya mwanafunzi inakwenda kwenye tiketi na vitanda, na kinachobaki hakinunui hata kifuniko cha maiki.

Midomo ya waigizaji

Hoja hii nadra kusikika kwenye vikao, nami naipa uzito mkubwa. Kikundi cha Dar kinapovuka bahari na waigizaji wake, kinakwenda na lafudhi yake. Bibi wa Kiunguja kwenye baraza ya Mkunazini akifungua mdomo akaongea kama konda wa Mbagala, watazamaji wa Zanzibar wameshatoka kwenye hadithi, na wa Bara wenye masikio nao wanahisi kuna kitu. Mavazi yatakuwa sawa, mlango wa nakshi utakuwa sawa, na bado filamu itakuwa ya wageni waliokodi buibui. Ama chukua waigizaji wa hukohuko, ama mhusika wako awe mtu wa Bara aliyefika Unguja na hadithi ilijue hilo.

Bagamoyo inavumilia zaidi. Ni mji wa watu waliotoka kila upande, uko karibu na Dar, na Kiswahili cha jiji hakimshtui mtu. Uswahilini hakuna tatizo kabisa: waigizaji wako wanaongea kama wanavyoongea kwao, na mara nyingi jirani aliyekuja kuchungulia anaigiza vizuri kuliko mliyemleta.

Kinyume chake, usijaribu kuifanya Bagamoyo iwe Unguja. Milango inafanana, na kwa shoti ya karibu ya mkono ukigonga komeo hakuna atakayejua. Mara tu kamera ikirudi nyuma, anga linaonekana kubwa mno na nyumba fupi mno.

Kurudia

Mkifika kwenye kuhariri mtagundua kuna shoti haipo. Hutokea kwa kila kikundi. Tofauti ni bei ya kuifuata. Manzese mnarudi Jumamosi asubuhi na watu watatu. Bagamoyo ni siku nzima ila inawezekana. Unguja hamrudi, na mhariri ataziba pengo kwa shoti ya mawingu.

Kwa sababu hiyo, mchanganyiko ninaoupenda kwa bajeti ndogo ni siku mbili za ndani Dar na moja ya nje Bagamoyo. Vyumba, ugomvi na maneno yote yanafanyika kwenye nyumba mnayoweza kuirudia. Ufukwe, mashua na kutembea vinafanyika Bagamoyo, bila mazungumzo ya kuokoa. Sharti ni mavazi: shati alilotoka nalo Temeke ndilo analofika nalo ufukweni, liwe na doa lilelile na mikono imekunjwa vilevile. Piga picha ya kila muigizaji kwa simu, mbele na nyuma, kila onyesho linapoisha. Ya nje ifanyike mwisho, kwa kuwa kucheleweshwa na mvua Bagamoyo hakutavuruga siku za ndani, lakini kinyume chake kunavuruga zote.

Kama mmekwisha kuamua Unguja, basi kabla ya kupanda feri ya kurudi chukueni haya hata kama skripti haiyataki: mlango kutoka nje na kutoka ndani, miguu ya kila mhusika ikipanda ngazi na kushuka, mikono yake ikiwa imetulia, uso wake akisikiliza tu bila kujibu, uchochoro mtupu kwa urefu uleule wa kamera asubuhi na jioni, na dakika mbili za sauti ya kila mahali mlipofungua mdomo. Ziandikwe kwenye ratiba ya siku ya mwisho, na muda wake, kabla ya chakula cha mchana. Nakala za kazi yote ziwe kwenye diski mbili, na diski hizo zisafiri kwenye mabegi ya watu wawili tofauti.